Shingo ya Mama Iliyosomesha Madaktari

Kidato cha nne nilikimaliza ukubwani, kwa masomo ya jioni pale Mwanjelwa, nikiwa na kipara na watoto wawili, kwa hiyo nivumiliwe nikijisifu. Katika ukoo wetu msomi ni mimi. Lakini mwalimu alikuwa mama, tena mwalimu wa chuo cha udaktari, na darasa la tano hakulikanyaga.

Alifundishia tezi la shingo. Lilianza kama limao, likawa chungwa. Nikisimulia huku Mbeya husema lilikuwa boga, na kwa wasiomjua mama huongeza kwamba lilikuwa na kivuli chake lenyewe.

Kijiji chetu kiko juu ya Ipogolo, safari ya pikipiki ya kumfanya mtu auombe uti wake wa mgongo msamaha. Kila mwaka mvua zikikatika, basi la chuo lilileta wanafunzi kujifunza magonjwa ya vijijini, na mwalimu wao, daktari mwenye miwani, aliwaleta moja kwa moja uani kwetu. Mama alikuwa amekwisha kuoga, amevaa kitenge cha kanisani, amekaa kwenye kiti pekee cha nyumba ile chenye egemeo. Hakuguswa na mtu kabla ya kusalimiwa kwa Kihehe, lugha yetu.

"Kamwene," kijana anasema kwa aibu.

"Sikusikii! Unasalimia shingo au unasalimia mtu?"

"Kamwene, mama!"

"Haya, shika sasa."

Kijana anasimama nyuma yake, anapapasa kwa vidole, anamwomba ameze funda la maji ili tezi lipande na kushuka. Kisha anayefuata, na anayefuata. Kwa maji aliyomeza mama miaka ile, bwawa la Mtera lingefurika hadi Dodoma wavue samaki mlangoni.

Wakimaliza, mama alikuwa na swali lake, lile lile kila mwaka: "Nani atarudi awe daktari wetu hapa?"

Mikono yote juu, imesongamana kama misonobari ya Mufindi. Zahanati yetu ilikuwa na muuguzi mmoja tu, na mama aliihesabu mikono ile kuwa agano. Yeye anatoa shingo, chuo kitatoa daktari.

Mwalimu alimshauri, tena si mara moja, kwamba tezi lile aende akalitoe hospitali.

"Nikilitoa, wanangu hawa watajifunzia wapi?"

Tulicheka sote, mimi nikiongoza. Mwalimu naye alicheka, akamwachia sabuni na sukari, akapanda basi.

Halafu tezi likaanza kukua kuelekea ndani, kifuani. Akilala chali pumzi inakatika, kwa hiyo akawa analala amekaa. Kwenye kwaya, yeye ambaye sauti yake ilikuwa ikitingisha mabati ya kanisa, akawa anaishia katikati ya ubeti. Muuguzi wa zahanati alimtazama, hakumficha. "Mama, hili mimi siliwezi. Tafuta daktari." Daktari wa agano alikuwa bado hajafika. Nikamchukua mama, nikaja naye huku Mbeya, kwangu Ilomba, na kesho yake tukaenda hospitali kubwa.

Tumekaa kwenye benchi, mara daktari kijana akasimama mbele yetu kama aliyeona jini.

"Kamwene, mama!"

Benchi zima liligeuka. Alikuwa mmoja wa ile mikono. Akawaita wenzake kwa furaha, "Njooni, hii ndiyo shingo yangu ya kwanza!" Na mama, kwa pumzi ile ya kuazima, akatabasamu.

"Mwanangu. Mbona hukurudi?"

Kijana alichuchumaa mbele yake. "Mama, kule hakuna chumba cha upasuaji, hakuna wa kumlaza mgonjwa usingizi. Ningerudi nifanye nini? Nikutazame?"

"Ungenitazama," mama alisema. "Ungeona linaingia ndani."

Kijana aliinuka, akaenda kumwandikisha kwa upasuaji.

Walimpasua, na pumzi ikarudi. Sauti haikurudi. Neva yake, mshipa wa fahamu unaoendesha sauti, ilikuwa imebanwa ndani ya tezi, daktari akanieleza taratibu, na kama angekuja lingali dogo, kazi ingekuwa nyepesi. Nilimshukuru. Nilitamani pia kumrushia benchi.

Siku hizi nasikia vyuo vya udaktari vinaongezeka, na wakubwa wanasema hiyo ndiyo dawa ya pengo kati ya mjini na kijijini. Sawa. Ila pengo hilo mimi nimeliona likichimbwa uani kwetu, kwa upole, na watu wenye makoti meupe waliosema asante walipomaliza.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, nilikuwa nyumbani. Basi likaja. Mama alikuwa kwenye kiti chake, kitenge kile kile, amefunga sweta hadi kidevuni. Mwalimu alimpa pole, akamwomba afungue vifungo, akawageukia wanafunzi. "Na kovu nalo linafundisha." Wakasogea. Wakasema kamwene bila kuulizwa, vizuri kabisa. Mama akasema kitu, mnong'ono kama upepo kwenye majani makavu ya mahindi.

Mwalimu akanitazama. "Mama anasemaje?"

"Anauliza nani atarudi awe daktari wetu hapa." Swali lake nililitoa kwa sauti ya kutawanya kuku wa kata nzima.

Wanafunzi wakatazamana. Mmoja akamtazama mwalimu, mwalimu akafuta miwani yake. Mkono haukuinuka hata mmoja. Nafikiri ndilo lilikuwa kundi la wakweli kuliko yote yaliyopita.

Mama akafunga vifungo vyake, kimoja kimoja hadi cha juu. Kisha akainuka, akabeba kile kiti, akaingia nacho ndani.