Jumapili ya Bushi Mbili

Jumapili ndiyo siku pekee ambayo Dereva hakuamka saa kumi alfajiri. Siku sita nyingine aliendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda, zamu ya asubuhi na zamu ya jioni. Katikati ya zamu hizo, Jumatatu na Alhamisi, alikimbia nyumbani kumchukua baba mkwe wake na kumpeleka hospitali kwa mazoezi ya nyonga. Mzee alikuwa ameanguka bafuni, akavunjika, akafanyiwa upasuaji, kisha akahamia kwao na kitanda chake cha chuma. Gari la nyumbani lilikuwa kuukuu, na kila lilipoingia shimoni liligonga chini, ngo! Mzee aliuma meno, akanyamaza. Heri angelalamika.

Basi Jumapili ile, watu wakiwa bado wamelala, Dereva naye alikuwa amelala, ila chali, chini ya gari aliloliinua kwa jeki, juu ya boksi la friji lililokunjuliwa. Alifungua ule mkono wa chuma unaolishikilia gurudumu kwa chini. Ulikuwa na bushi mbili, vipande vya mpira vyenye ganda la chuma, vidogo kama kikombe cha kahawa, ambavyo kazi yake ni kumeza mtikisiko. Zilikuwa zimechanika kiasi cha kupitisha kidole. Kuzitoa tu kulimla asubuhi nzima. Alikata ganda kwa msumeno, akapiga patasi, akajigonga kidole gumba.

Kuingiza mpya ndiko kulikomshinda. Gereji yenye presi, mashine ya kusukumia bushi, ilikuwa imefungwa, na siku nyingine yeye hakuwa nayo. Aliuweka ule mkono barazani, chini ya dirisha la mzee, akapaka maji ya sabuni, akaanza kugonga.

"Inaingia upande hiyo," sauti ikatoka dirishani.

"Wewe pumzika tu, Baba."

"Nitapumzika vipi na wewe unanipigia madebe sikioni? Ikiingia sawa, nyundo inalia kavu. Itoe."

Mzee alikuwa fundi wa karakana ya kinu cha nafaka kwa miaka thelathini na moja. Dereva alilijua hilo, lakini kwa miezi sita waliyokaa nyumba moja walikuwa hawajavuka salamu na "umeshindaje". Aliinama akatazama. Kweli bushi ilikuwa imekaa mshazari. Aliketi chini, mgongo ukutani. Uchovu ule haukuwa wa asubuhi moja. Alihisi kama ametembea na lile basi mgongoni mwaka mzima.

"Usiipige," mzee akasema. "Ivute. Tafuta bolti ndefu na kipande cha bomba. Pitisha bolti katikati, kaza nati taratibu, itaingia yenyewe. Na bushi zenyewe zitie kwenye friza kwanza, zisinyae kidogo."

Mke wa Dereva alikuwa mlangoni na birika mkononi. "Kwenye friza yangu? Na grisi yote hiyo?"

"Zifunge mfuko, mwanangu. Hazitakula nyama yako."

Saa moja baadaye bushi ya kwanza iliingia, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Ya pili ilifika nusu, ikagoma. Dereva alikaza kwa nguvu zote, meno ya bolti yakalika, nati ikawa inazunguka bure. Aliirusha spana ikagonga ukuta wa uani, akafunika uso kwa mikono yenye grisi.



"Mimi niliwahi kulia," mzee akasema polepole. "Mbele ya mashine, mtu mzima na ndevu zangu. Nikaenda kunawa uso, nikarudi. Wewe kanawe."

Akaenda kunawa. Aliporudi mzee alisema, "Kitanda hiki nilikiunga mwenyewe karakanani. Kina bolti nne nene kama gumba. Chukua moja."

"Baba, utalala wapi?" mke akauliza.

"Nitakaa. Kuna ubaya gani mtu kukaa?"

Wakambeba wawili, yeye akisaga meno, wakamketisha kwenye kiti chenye mikono karibu na dirisha. Tangu ahamie alikuwa hajaketi pale hata mara moja. Bolti ya kitanda haikuteleza. Bushi ya pili iliingia ikilalamika, hadi ganda likalingana na ukingo.

Dereva alirudi chini ya gari, akaufunga mkono mahali pake. Alipotaka kukaza bolti za mwisho, mzee akapiga kelele, "Usikaze likiwa juu! Rudisha tairi, lishushe libebe uzito wake, ndipo ukaze. Ukikaza gurudumu linaning'inia, mpira utajisokota kila siku mpaka uraruke."

Spana ikasimama hewani. Dereva akajikokota kutoka chini ya gari, akasimama mbele ya dirisha.

"Zile nilizotoa nilizifunga mwenyewe mwaka jana. Nilikaza likiwa juu."

Mzee alimtazama. "Kumbe ulizirarua mwenyewe."

"Ndiyo, Baba. Nisamehe."

"Mimi nilikuwa nailaani barabara," mzee akasema, na kitu kama kicheko kikamtoka puani. "Haya, lishushe. Nami nirudishieni kitanda, kiuno kinawaka."

Jumatatu gari lilipita mashimo yote bila kugonga. Mzee aliuma meno vilevile. "Sasa ni mfupa," akasema. "Gari halina kosa."

Hospitalini Dereva alimkabidhi kwa muuguzi, akakaa kwenye benchi la ukumbini, na kabla hajavua kofia usingizi ukambeba. Muuguzi alitaka kumwamsha aje amshike mgonjwa kwenye vyuma vya kutembelea.

"Mwache," mzee akamwambia. "Nishike wewe."

Dereva alilala dakika ishirini na tano, mdomo wazi. Alipoamka shingo ilikuwa imekakamaa, na zamu ya jioni ilikuwa inamsubiri.