Ngazi za Shule Mpya

Shule yetu ya serikali hapa Kawempe ilipojengewa ghorofa, nami nilipiga vigelegele pamoja na walimu wenzangu. Nilikuwa nimefundisha miaka mingi katika vyumba vya zamani, ambamo mvua ikinyesha maji ya mtaro yaliingia hadi chini ya madawati. Tuliwapandisha watoto wadogo juu ya meza, tukaendelea na somo. Sasa tulipata madirisha ya vioo, sakafu ya vigae, vyoo vya kuvuta maji na chumba cha kompyuta. Vile vyumba vya zamani vikabomolewa. Kwa kuogopa mafuriko, mafundi waliinua msingi juu sana, na darasa langu la saba likapelekwa ghorofa ya juu kabisa, ili watahiniwa wapate utulivu.

Katika darasa hilo kulikuwa na msichana asiyeweza kutembea. Miguu yake ilikosa nguvu tangu akiwa mchanga. Alijikokota kwa mikono, amevaa ndala viganjani, na katika jengo la zamani aliingia darasani mwenyewe kwa sababu mlango ulikuwa sawa na ardhi. Yeye na mama yake walikuwa wakimbizi kutoka Kongo ya mashariki. Mimi ni Mnubi. Kiswahili tumekuwa nacho nyumbani tangu babu alipokuwa askari, kwa hiyo mama huyo alinizoea upesi. Wengine shuleni walimsemesha Kiganda, naye akawa anaitikia kwa kichwa tu.

Asubuhi tuliyohamia, mama alisimama chini ya ngazi akatazama juu.

"Mwalimu, mutoto atapita wapi?"

Nilimwambia kwamba itajengwa njia ya mteremko pembeni, maana ndivyo tulivyoahidiwa. Alingoja kidogo, kana kwamba ingejengwa pale pale. Kisha akainama, akambeba binti yake mgongoni, akaanza kupanda. Msichana alikuwa mkubwa, nyayo zake zikigonga kila kidato. Wenzake walikuwa wamejaa kwenye baraza wakitazama. Msichana alifumba macho mpaka walipofika.

Ikawa hivyo kila asubuhi, na jioni mama aliacha meza yake ya vitenge akaja kumshusha. Wavulana wa darasani walijaribu kumbeba msichana, wakakaribia kumdondosha, na mwalimu mkuu akawakataza.

Baadaye niligundua kwamba msichana hanywi maji. Uji wa saa nne alimsogezea mwenzake wa dawati. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nilimwinamia nikamuuliza kuna nini.

"Nikinywa nitataka kwenda chooni," alisema. "Vyoo viko chini, na mama yuko sokoni."

Nikamwambia nitambeba mimi. Alikataa, akakataa tena, hadi siku aliyokuwa hana la kufanya. Mimi si kijana. Nilishuka kidato kwa kidato, na njia nzima aliniomba msamaha sikioni. Afadhali angelia.

Nilikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Madam, naomba darasa langu lishuke," nilisema. "Chumba cha kompyuta hapa chini hakina hata kompyuta moja."

"Funguo zake sina, Hajati. Mkandarasi hajatukabidhi."

"Basi tupe chumba chochote cha chini."

"Na vidato vya kuingilia je? Hata huko chini atabebwa." Alivua miwani akasugua macho. "Ule mteremko nimeuomba mpaka naona haya kuomba tena. Wananiambia ningoje awamu ya pili."

"Ni lini hiyo?"

Alirudisha miwani machoni. Nilikuwa nimekwenda pale nikiwa tayari kugombana, nikakuta mtu aliyekwama kama mimi.

Mvua zilipoanza, vigae vya ngazi vikawa vinateleza. Nilikuwa naandika ubaoni niliposikia kishindo na sauti za watu. Niliwakuta kwenye kona ya ngazi. Msichana alikuwa amekwaruzwa paji la uso. Mama alikuwa ameushika mkono wake uliovunjika, anamtazama binti yake tu.

"Imetosha," aliniambia. "Imetosha, mwalimu."

Tangu siku hiyo hawakuja. Nilianza kwenda kwao Jumamosi, chumba kimoja karibu na mtaro, nikimfundisha kitandani hesabu za sehemu na za asilimia. Alikuwa anaelewa haraka, na hilo ndilo lililonifanya nishindwe kula nikirudi nyumbani. Siku moja mama alitoka kuchota maji. Msichana akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, usije tena."

"Nimekukosea?"

"Hapana. Ila ukiondoka, mama anakaa macho usiku. Anasema mkono ukipona atanibeba. Sitaki anibebe. Ataanguka tena, atakufa."

Nilimrudishia kalamu mkononi. Jumamosi iliyofuata nilikwenda hata hivyo, na iliyofuata, naye akanipokea kwa adabu, akafanya hesabu zote nilizompa, bila kuuliza swali.

Asubuhi ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi nilisimama langoni tangu alfajiri, kwa kuwa jina lake lilikuwa limesajiliwa. Watahiniwa wote walipita. Kengele ilipogongwa nilipanda juu, na msimamizi mgeni akanijia mlangoni na orodha ya majina.

"Huyu mmoja anaumwa?"

"Hapana."

"Amehama?"

"Hakuweza kupanda," nilisema.

Alitazama ngazi nyuma yangu, akanitazama mimi. Kisha akarudi ndani akaanza kugawa karatasi.

Mitihani ilipokwisha nilikwenda kwao. Mlango ulifunguliwa na mpangaji mwingine, mtoto mgongoni. Alisema Wakongo wale wamerudi kambi ya wakimbizi, huko magharibi. Niliuliza kambi gani. Hakuna aliyejua.