Nyumba Isiyohamishika ya Salomé Wendling

Ilitangazwa mlangoni pa kanisa la Griesbrunn, kengele ilipomaliza kulia, meya akiwa amevaa mshipi wake wa umeya wa rangi tatu, kwamba nyumba ni mali isiyohamishika. Kwamba nyumba ya mjane Salomé Wendling imesimama katika ardhi ya shemeji yake Diebold. Na kwamba, kwa sababu hiyo, ni ya Diebold, na itabaki pale pale ilipo.

Salomé alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mfuga mabata bukini, mwenye sauti ya kuyaita kutoka bonde la pili. Miti ya mwaloni iliyoshika nyumba ile ilitoka msitu wa baba yake, ikaja naye alipoolewa.

"Shemeji, jikoni utabaki tu," Diebold alimwambia. "Mimi si mtu mbaya."

"Hapana, shemeji. Ardhi yako nakuachia yote. Hata mawe."

Diebold akacheka, akaenda zake kwenye harusi ya binamu yake, ng'ambo ya mto, ambako harusi haziishi upesi.

Kesho yake fundi Lienhard alifika na nyundo ya mti, na nusu ya kijiji nyuma yake. Mifupa ya nyumba za kwetu ni miti mitupu, haina msumari wa chuma; kila kiungo kimeshikwa na kigingi cha mti, na kigingi ukikigonga kwa nyuma hutoka kama jino la mtoto. Vigae vilishuka mkono kwa mkono. Udongo wa kuta ulibomolewa kwenye fito zake, ukapakiwa pamoja na majani yake makavu, uje ulowekwe upya. Mikokoteni ya ng'ombe ikashika njia ya Mattenhofen, kijiji cha jirani, ambako wazee walikuwa wamempa Salomé kiwanja.

Kila mti ulikuwa na alama yake ya patasi, kuonyesha unakaa wapi. Kule Mattenhofen Lienhard alizisoma baada ya chakula cha mchana, na mvinyo ulikuwa mzuri, akaisimamisha nyumba upya.

"Fundi, mbona dirisha langu la jikoni linatazama barabarani?"

"Si ulilalamika miaka yote kwamba linatazama nguruwe wa Diebold?"

"Sasa nitatazama walevi wakienda baa?"

"Basi niugeuze ukuta?"

"Ngoja kwanza nione nani anakwenda."

Diebold aliporudi alikuta mawe ya msingi, na nguruwe. Akamkimbilia meya. Meya akavaa mshipi, akaenda Mattenhofen, akamkuta Salomé dirishani.

"Mama Salomé, nyumba haihami. Nilitangaza."

"Nilikusikia, mheshimiwa. Ulitangaza vizuri sana. Karibu keki."

"Na msingi huu nani amekujengea?"

"Ulikuwepo. Tumeng'oa magugu tu."

Meya aliyatazama yale mawe, akapokea kipande cha keki, akarudi kwake. Ulikuwa msingi wa nyumba ya babu yake meya, kabla mzee hajaipakia kwenye mikokoteni kuipeleka Griesbrunn.