Mashine Isiyokimbilia kwa Bosi

Mwanangu, naikumbuka vizuri siku niliyoshuka stendi ya Mbulu na sanduku langu la vifaa, nikitoka Ujerumani. Watu waliokuwa pale walisema sitaweza. Walisema mtoto wa wakulima wa vitunguu saumu wa kule Daudi hawezi kugusa akili ya mashine ya kahawa. Mwalimu Bura, aliyenifundisha hesabu shule ya msingi, alinitamkia mbele ya stendi nzima: "Wewe rudi shambani. Mashine hizo zina wenyewe." Nilikuwa nimemwamkia shikamoo, naye ameitikia marahaba, ndipo akanipa hayo. Hasira ya siku ile ninayo mpaka leo, na sioni sababu ya kuificha.

Niache nijisifu, nina haki. Nina stashahada ya ufundi umeme, niliyoisomea jioni huko Ujerumani huku mchana nikifagia karakana ya watu. Nilianza na ufagio, nikaondoka nikiwa fundi wa mashine za kahawa anayeitwa hoteli zikikwama. Kule niligundua kwamba mashine hubeba tabia ya watu walioiunda. Mjerumani kosa hulisema papo hapo, mbele ya yeyote, na aliyekosolewa hurekebisha, kisha mchana wanakula meza moja. Mashine yao ni hivyo hivyo. Bomba la maziwa lisiposafishwa, inatuma ujumbe kwenye simu ya meneja, pamoja na jina la aliyekuwa zamu. Kwao hiyo ni kazi tu, hakuna anayelala na kinyongo.

Basi mashine ya namna hiyo ikaletwa Katesh, kwenye hoteli wanayofikia watumishi wa serikali. Aliyeiendesha ni Paskalina, binti aliyetoka kijiji cha Getanuwas, ambaye mshahara wake unalisha watoto wake na mama yake mzazi. Mashine ilimshtaki kila siku. Meneja, kijana aliyetoka mkoa mwingine, akawa anasoma ujumbe ule kwa sauti mbele ya wateja, akicheka. Unajua kwetu kufanyiwa hivyo ni nini. Paskalina akafanya ambalo wengi wetu tungefanya: alichomoa laini ya simu iliyokuwa ndani ya mashine, akaificha kwenye kopo la sukari.

Mashine ikanyamaza. Ikanyamaza hata mvuke ulipoanza kuvuja, kwa sababu onyo hilo nalo lilikuwa la kwenda kwa meneja tu. Bomba likafyatuka, likamuunguza Paskalina mkono.

Meneja alipoikuta laini kwenye kopo, akataka kumfukuza kazi. Akamwita fundi wa kampuni iliyouza mashine, na mimi nikaitwa nifungue bomba. Yule fundi, kijana mwenye viatu visivyojua tope, alisimama juu ya kichwa changu akasema, "Tatizo siyo mashine, mzee. Tatizo ni watu wenu. Hii kitu inataka watu waaminifu."

Watu wenu. Mtanzania mwenzangu huyo. Niliweka bisibisi chini, maana nilijiogopa.

Ndipo nikamkumbuka Mzee Tluway. Nilipokuwa kijana, ng'ombe wa baba yangu waliingia kwenye ngano ya jirani. Jirani hakuja nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kikao cha wazee, akamchambua baba hadharani. Mzee Tluway, aliyeongoza kikao, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Mwenye ng'ombe umemwambia?" Jirani akajibu bado. Mzee akasema, "Basi hukuja kudai ngano. Umekuja kumvua mwenzako nguo." Wakamtoza jirani faini kwanza, na ndipo wakamtaka baba alipe ngano. Baba alilipa bila kinyongo, na watu wale walilimiana mashamba mpaka uzee.

Nikamgeukia meneja. Nikamwambia aniachie mashine wiki moja, na binti asiguswe. Nikishindwa, atufukuze wote wawili na mimi sitashika mashine nyingine wilaya hii.

Niliandika programu upya kwa mikono hii. Sasa bomba likichafuka, maandishi ya Kiswahili hutokea kwenye kioo, upande wa mhudumu, yanamwambia yeye peke yake. Ana muda mpaka zamu iishe. Akisafisha, yameisha, hakuna mwingine atakayejua. Akipuuza, ndipo ujumbe unakwenda kwa meneja. Lakini mvuke ukivuja, mashine inajizima yenyewe na kupiga kelele hoteli nzima isikie, kwa kuwa kwenye hatari hatustahiani.

Wiki ilipoisha, meneja alilalamika kwamba hajapata ujumbe hata mmoja, akaamini laini imefichwa tena. Akafungua mabomba mwenyewe, moja moja. Yalikuwa safi. Laini ilikuwa mahali pake, Paskalina aliirudisha kwa mkono wake. Kazi hakufukuzwa. Yule fundi wa viatu baadaye alikuja kuniomba programu yangu. Nilimwambia aanze kwa kumtaka radhi Paskalina. Alimtaka radhi, akiangalia sakafu.

Mwalimu Bura naye akafika Katesh kuiona mashine hiyo, pamoja na wenzake walionicheka stendi. Ningeweza kumrudishia mbele yao, na ulimi uliniwasha. Nikamvuta kando. "Mwalimu, uliniaibisha stendi. Nimeona nikuambie wewe kwanza." Mwalimu akasema, "Hilo deni ni langu, mwanangu." Walionikopesha dharau niliwalipa wote siku ile, kila mmoja kikombe chake cha kahawa, na Paskalina ndiye aliyemimina.

Kwa hiyo unayeunda programu kwenye simu yako leo, sikia. Usilete tabia ya watu wengine kwa sababu imefungwa kwenye boksi zuri, halafu ukatukana watu wako inapowakataa. Jifunze ukali wao wa kazi, kosa lisilale. Lakini njia ya kulisema ichukue kwetu. Na heshima usiigeuze kuwa kificho, mkono wa Paskalina bado una kovu.

Mungu akupe kichwa chepesi na mikono isiyochoka, na hasira yako ikupe kazi ya kufanya.