Hoteli Yenye Roshani

"Mnanihamisha kama kabati," baba mkwe alilalamika.

"Kabati lingeshanyamaza, baba," Marlene akamjibu, akifunga zipu ya begi la wanawe.

Mzee hakuacha kutandika kitanda, ingawa hoteli ina watu wa kazi hiyo. Kila asubuhi vidole vyake vinene vilinyoosha shuka upande wake, kisha upande ambao hakulala mtu, na mto wa pili akaukung'uta taratibu. Safari hii aliipanga marehemu Verna, mkewe: siku za kwanza hoteli rahisi ya barabarani hapa Orlando, za mwisho ile ya ghali ndani ya bustani ya burudani, yenye roshani ya kutazamia fataki. Kila kiangazi Verna alimwomba mumewe ile ya ghali, na kila kiangazi mzee alimwambia, "Mwaka ujao." Saratani haikuungoja.

Jioni, kwenye chumba kipya, mzee aliburuta viti viwili hadi roshani. Juu ya kimoja akatandaza fulana ya familia ya safari hii, yenye jina la Verna mgongoni, isiyovaliwa hata mara moja. Fataki zikaanza.

Marlene aliwazuia watoto mlangoni.

"Nimekuchelewesha, Vee," mzee alisema. "Haya, tazama."