Chuma cha Kutembelea

Fundi viatu hakuwa mtu wa kupuuza maagizo. Mtaalamu wa viungo alipompa bintiye wa miaka sita, mwenye mtindio wa ubongo, chuma cha kushikilia chenye miguu minne, alimwambia waziwazi: "Baba, hiki ni cha kutembelea. Kisipotumika, baada ya miezi mitatu nampa mtoto mwingine."

Cha kutembelea! Fundi akaelewa alivyoelewa. Alikifuta, akakifunika shuka, akatangaza kuwa hakiguswi ila kwa kwenda kutembelea watu.

Basi mtoto aliyezoea kuwekwa kitini kama mzigo akapata shughuli. Asubuhi: "Baba, twende kwa shangazi." Mchana kwa kinyozi. Jioni kwa shangazi tena, eti hakuaga vizuri. Magoti yalisuguana, visigino viligoma kugusa chini, jasho lilimtiririka, na mdomo haukupumzika. Watu wazima wenye miguu mizima hawakutembea robo yake. Mtaa ukambandika jina: Mgeni Rasmi.

"Mgeni Rasmi, si umetoka hapa sasa hivi?" kinyozi alilalamika, mashine mkononi.

"Nimekuja kuona kama huyo umemmaliza."

Mteja alicheka, kichwa kikatikisika, mashine ikamchimbia njia hadi kisogoni.

Miezi mitatu ikatimia. Mtaalamu akapiga hodi, daftari kwapani. "Haya, baba. Amefanya mazoezi mara ngapi kwa wiki?"

Fundi akaweka nyundo chini. Mazoezi? "Dada, nisikudanganye. Hata siku moja. Sisi tumetembelea watu tu."

Mtaalamu alikunja uso, akakipindua kile chuma. Miguuni kilivalishwa vipande vya soli. "Mipira yangu iko wapi?"

"Imelika," fundi alinong'ona kama mwizi. "Nimeweka soli. Nazo zikalika. Hizi ni za nne."

"Za nne!" Mtaalamu alicheka mpaka daftari likamponyoka. "Kwa siku mnatembelea nyumba ngapi?"

"Saba. Jumapili kumi, maana watu wanashinda nyumbani."

Mgeni Rasmi alikuwa amekwisha kukidaka chuma chake. "We dada, unakaa wapi?"

"Mbali, mwanangu. Kule nyuma ya soko."

"Una wageni leo?"

"Sina."

"Unao."

Mtaalamu akaifuta tarehe ya kurudisha chuma, kisha akainama kutafuta viatu vyake. Alipoinua kichwa, mgeni wake alikuwa keshavuka kizingiti, anamfokea baba yake kwa kuchelewa.