Mama wa Nani

Daktari wa wanyama wa mtaani kwetu, hapa Mangwon, hutia kipimo cha moyo kwapani kipate joto kabla ya kumgusa paka. Huongea na paka kama mtu anayemwomba radhi mkwewe. Majina yetu sisi hayajui. Mimi ni Mama Mandu, kwa jina la paka wangu, jirani ni Mama Kong, na kwa upole huo tumezihama kliniki nyingine zote. Jana nilimpeleka Mandu; kipimo kikiwa kwapani, simu yake ikalia, akaiweka kwenye spika. Dada yake.

"Kaka, mama ameanguka. Hali yake mbaya."

Hakuinua macho. "Mama wa nani?"

 

"Mama yetu, kaka."

Akanikabidhi Mandu kwa mikono miwili, kisha akasimama palepale, kipimo kingali kwapani, akiningoja mimi nimwambie aende.